Koki ya Hemedi

Hemedi alipokuja Mikumi mwezi uliopita alinikuta nimekaa pale ninapokaa kila asubuhi, kwenye kiti cha chuma nilichokichomelea mwenyewe, mbele ya bwawa la kuogelea la gesti yangu. Nasema gesti kwa mazoea tu, maana ina vyumba ishirini na viwili, ukumbi wa harusi, na geti ambalo makondakta wa mabasi ya Iringa wanalitaja abiria akiuliza ashukie wapi. Geti lile nililichora chini kwa chaki, nikalikata, nikalichomelea kwa mikono hii, mimi niliyeishia darasa la nne. Habari za nilikozaliwa na nani alinilea sitaziandika, hazinijengei hata ukuta mmoja wa gesti hii. Nataka tu ujue kwamba kati ya mafundi wote waliopita karakana ya Mzee Mloka pale Magomeni, Kilosa, hakuna mwingine mwenye bwawa la kuogelea. Na ndani ya bwawa hilo sijawahi kuingia kupita kiunoni. Sababu yake nilidhani naijua peke yangu.

Alishuka kwenye pikapu yenye mitungi ya hewa nyuma, na vijana wawili, mvulana na msichana, wanafunzi wake. Walikuwa wanapita tu, wanakwenda upande wa Kidatu kufundisha watu kuzamia kwenye bwawa la umeme. "Joaki!" akaita kabla mlango wa gari haujafungwa. "Mzee wa misifa, bado upo?" Nikamwambia nipo na nimenenepa. Yeye hakunenepa. Ndevu zimeingia mvi lakini tumbo halipo, mgongo umenyooka, meno yote yapo, na anatembea kama mtu ambaye hajawahi kugombana na kitanda asubuhi. Vijana wake wakanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikawaonyesha ukumbi, nikawaonyesha jenereta, nikawaonyesha tanki la maji. Hemedi akasifu kila kitu, na akasifu kwa moyo, jambo ambalo liliniudhi zaidi kuliko kama angedharau. Halafu akatoa simu akanionyesha picha: ukuta wa chuma wa meli chini ya bahari, umeota matumbawe kama maua, rangi ya zambarau na machungwa, na samaki wa njano wamejipanga wanapita kwenye tundu. "Unalijua hili tundu?" akauliza. Nililijua. Upande wa kushoto limekwenda kombo kidogo kwa sababu siku ile mkono ulichoka. Nililikata mimi. Tundu langu limeishi na samaki miaka ishirini na kitu, na anayekwenda kuliangalia ni yeye. Wivu ukanipanda kifuani palepale, ule ule wa ujana, haujaota hata unywele mmoja wa mvi.

Mpishi wangu, Mama Neema, alikuja na chai akasimama na sinia anamtazama mgeni. Wafanyakazi wangu wote wanaijua hadithi yangu ya chini ya bahari, nimewasimulia kila mwaka, kila mwaka imeongezeka samaki. "Bosi," akauliza, "ndiye huyu uliyemwokoa kwenye meli?" Nikajikohoza. Hemedi akanitazama, akachukua kikombe, akasema taratibu, "Ndiye mimi, mama. Nisingekuwepo." Mama Neema akapiga vigelegele. Hemedi akaniambia kesho asubuhi kabla ya safari atawafanyisha vijana wake mazoezi kwenye bwawa langu, kama sina neno. Nikasema sina neno. Nilikuwa nalo, ila nimelikalia tangu mwaka ule tulipokuwa mafundi wa meli.

Mwaka ule mimi na Hemedi tulikuwa tunalala chumba kimoja Magomeni, nyuma ya duka la vyerehani, chumba chenye dirisha moja lililoangalia bomba la maji la mtaa. Tulisikia ugomvi wote wa ndoo bila kutoka kitandani. Tulikuwa tunachomelea kwa Mzee Mloka, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua, ambaye alifundisha kwa kufokea na hakurudia jambo mara mbili isipokuwa moja: "Asetilini robo, oksijeni mpaka mwisho!" Maana yake, ukifungua koki ya mtungi wa asetilini, ile gesi inayowaka, izungushe robo tu, ili moto ukirudi nyuma uwahi kuifunga. Koki ya oksijeni ndiyo unaifungua yote. Aliyefungua asetilini kupita robo alipigwa kofi la kisogo mbele ya wateja. Mimi nilipigwa mawili, Hemedi moja. Baada ya hapo mikono ilijua yenyewe. Mpaka leo bomba la bafuni nalifungua robo, mke wangu ananicheka.

Mzee Mloka alikuwa amemtengenezea mageti tajiri mmoja mwenye hoteli huku Mikumi. Tajiri yule alikuwa na kambi nyingine ya wageni pwani, na yeye na wenzake walikuwa wamepata kibali cha kuchukua meli kuukuu ya doria ya jeshi la majini, kuisafisha, na kuizamisha makusudi ili samaki wapate nyumba na wazamiaji wapate pa kutembelea. Tuliposikia tulicheka mpaka tukakaa chini. Sisi tunahangaika bati moja, wenzetu wanazamisha meli nzima! Lakini kazi ilikuwa kazi. Mzee Mloka akatupeleka sisi wawili, tukakaa miezi mitatu ndani ya meli ile. Tulitoa nyaya, tulikwangua mafuta mazito kama uji wa ulezi, tulikata milango ili isije ikajifunga ikamnasa mtu, na tulitoboa kuta matundu makubwa ili kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea. Hemedi alishika upande wa mbele, mimi upande wa injini. Mchana tulikula wali na maharage juu ya sitaha, chuma kikiwaka jua mpaka unakaa juu ya gunia. Na pale tulikuwa sawa kabisa. Mimi nilikata haraka kuliko yeye, yeye alikata safi kuliko mimi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka nilipopaua ghorofa ya kwanza.

Meli ilipozamishwa tulishangilia na tukalia kidogo, kisha tajiri akaja na wazo. Alitaka mtu wa kuongoza wageni ndani ya meli, na akasema nani anaijua meli ile gizani kama waliotoboa matundu yake? Tufundishwe kuzamia wote wawili, na mmoja atakuwa kiongozi. Mmoja. Neno hilo alilisema huku anakula embe, akatema kokwa, akaendelea na mengine. Mimi sikuendelea na mengine. Tangu siku ile nilianza kumhesabia Hemedi kila kitu: anaamka saa ngapi, mwalimu wa kuzamia amemwita kwa jina mara ngapi, amecheka na nani.

Tulifundishwa Mikumi, kwenye bwawa la hoteli ya tajiri, masika, wakati wageni hawapo na barabara za mbugani zimejaa matope. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kitanga, Mwalimu Sauda, mwenye sauti ya chini na kitambaa cheusi kichwani hata akiwa ndani ya maji. Tulilala kwenye nyumba za wafanyakazi, vitanda viwili vya chuma, na tumbili waliotuibia sabuni mpaka tukawa tunaoga na kipande tunachokificha chini ya mto. Siku moja tumekaa chini ya bwawa tumepiga magoti, tunajifunza kutoa maji kwenye miwani, nikaona kitu kama bomba la kijivu kimeingia kutoka juu kinanyonya. Tembo! Amekuja kunywa. Mimi nilitaka kupanda juu, Mwalimu akanishika bega, akaonyesha kiganja: tulia. Nikageuka kumtazama Hemedi. Alikuwa ametulia tayari, ametandaza mikono, anamtazama tembo kama mtu anayetazama mvua. Mwalimu akamwonyesha dole gumba na kidole cha shahada vimeungana, ishara ya kuwa mambo sawa. Mimi hakunionyesha. Nakumbuka maji yalivyokuwa ya baridi dakika ile kuliko mwezi mzima.

Halafu kulikuwa na kitabu. Kila mzamiaji lazima akijue kitabu, na kitabu kilikuwa na kurasa ambazo mimi ningezimaliza mwaka unaofuata. Hemedi alifika kidato cha pili. Kila jioni, baada ya ugali na perege, alikaa kwenye kitanda chake akanisomea mimi kwa sauti, akirudia, akinichorea mapafu kwenye boksi la sabuni, akinihoji. "Mwenzako akiishiwa hewa, unafanya nini kwanza?" Mimi: "Nampa kipumulio changu cha akiba." "Halafu?" "Tunashikana, tunapanda polepole." "Fundi!" anasema, ananipiga paja. Nilifaulu maswali ya mdomo kwa sababu yake, sina kuficha. Lakini mtu akikusomea kila siku, unajikuta unachukia hata namna anavyolamba kidole akifunua ukurasa. Mimi nilikuwa fundi wa haraka, mimi niliyekata chumba cha injini peke yangu, leo nasomewa kama kipofu.

Wiki ya mwisho nilipita nyuma ya jiko la hoteli kutafuta maji ya moto, nikawasikia tajiri na Mwalimu wanazungumza barazani. Tajiri akasema, "Joaki ana nguvu, na wageni watampenda, anajua kuongea." Nikasimama na birika. Mwalimu akajibu, "Anaongea, ndiyo. Hemedi anasikiliza. Chini kule hakuna wa kumwongelesha." Wakacheka kidogo, si cheko baya, cheko la watu wanaokunywa chai. Nikarudi chumbani bila maji ya moto. Hemedi akauliza, "Vipi, jiko limezimwa?" Nikamwambia limezimwa.

Siku ya kuzamia melini tulikuwa kwenye boti la injini, bahari shwari, na chini yetu meli imelala kwenye kina cha nguzo mbili za umeme na zaidi. Kule Mikumi Mwalimu alikuwa anafungua koki za mitungi mwenyewe. Siku hiyo akasema, "Leo nyinyi ni wazamiaji. Jiandaeni, kisha mkaguane." Kukaguana ni hivi: mwenzako anakugeuzia mgongo, unashika koki yake kuona imefunguka mpaka mwisho, unamwambia avute pumzi huku unaangalia geji, kile kipimo cha hewa ya mtungi. Kama sindano ya geji inatikisika akivuta, koki haijafunguka vizuri. Juu ya maji huwezi kuhisi kitu, unavuta hewa vizuri tu. Chini ndipo inakubana, maana kule kila pumzi inakula hewa nyingi, na koki ya robo haiwezi kuitoa.

Hemedi alikuwa na wasiwasi siku hiyo, midomo imemkauka. Nilimwona akipeleka mkono kwenye koki, akaizungusha, akaiacha. Mkono wa fundi. Mkono wa Mzee Mloka. Akanigeuzia mgongo. Nikaishika, ikazunguka chini ya vidole vyangu, ina nafasi kubwa bado. Robo. Mtu mwingine yeyote kwenye boti lile asingefanya kosa lile, na mtu mwingine yeyote asingelielewa upesi kama mimi. Nikamwambia vuta. Sindano ikatikisika. Mwalimu akauliza, "Joaki, mwenzako vipi?"

Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Sikutaka afe. Naandika hivi na binti yangu anayenichapia ameacha kuchapa ananitazama, nimemwambia aendelee. Sikutaka afe. Nilitaka ashindwe. Nilitaka abanwe kidogo, apande juu kwa hofu, Mwalimu aone kuwa kusoma si kuzamia. Hilo tu nilitaka, na nililiona dogo.

Tukashuka. Mwalimu alibaki nje juu ya sitaha, sisi tukaingia kupitia tundu langu mpaka chumba cha injini. Nilikuwa mbele na tochi. Sikiliza, palikuwa pazuri. Miezi michache tu na tayari visamaki vidogo kama sindano vilikuwa vimehamia, na kutu yetu imeota manyoya ya kijani. Kisha nikasikia pumzi ya Hemedi, maana chini ya maji unasikia, ilikuwa fupi, fupi, kama mtu anayenyonya soda iliyokwisha kwa mrija. Nikageuka. Macho yake yamejaa miwani. Akapitisha kiganja shingoni: hewa hakuna. Akapeleka mkono nyuma kutafuta koki, akaikosa, mtungi umekaa chini mno. Mimi nikakaa na tochi ninamtazama. Nilivuta pumzi moja. Nikavuta ya pili. Nikavuta ya tatu, na zote zilikuwa pumzi nzuri, pana, tamu. Yeye muda huo hakuwa nayo hata moja. Halafu nikamfuata, nikapeleka mkono nyuma yake, nikafungua koki mpaka mwisho. Mapovu yakatoka kama maji yanayochemka sufuriani, akanishika mkono wangu wa kushoto kwa nguvu hivi kwamba alama ilikaa siku tatu.

Tukatoka nje, Hemedi akamwonyesha Mwalimu koki yake kwa kidole, tukapanda wote. Juu kwenye boti Mwalimu alivua miwani yake kwanza kabla ya kuuliza. "Koki ilikuwaje?" Hemedi akasema, "Niliifungua robo, Mwalimu. Kama ya gesi. Kosa langu." Mwalimu akanigeukia mimi. "Na nani alikukagua?" Kabla sijafungua mdomo Hemedi akasema, "Alinikagua ikawa sawa. Mimi nikaichezea tena baadaye." Hakuichezea. Mwalimu akaitazama koki, akanitazama mimi, akasema, "Umefanya vizuri kumwahi." Nahodha wa boti akanipa mkono. Mpaka tunafika ufukweni nilikuwa shujaa, na kambini nilisimulia mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Uongozi walimpa Hemedi. Mwalimu alisema mtu anayekiri kosa lake mbele ya watu anafundishika. Mimi wakanipa nafasi ya pili, msaidizi wake. Nikakataa. Mimi si mtu wa pili! Nikapanda basi mpaka Morogoro, nikarudi Kilosa, nikafungua karakana yangu mita mia kutoka kwa Mzee Mloka, na hasira ile ndiyo iliyojenga kila unachokiona hapa. Watu wananiuliza siri ya mafanikio. Nawaambia bidii. Ni wivu, ndugu yangu. Kila tofali la gesti hii nililiweka nikiwa na mtu mmoja kichwani, yuko chini ya maji pwani, anapita kwenye tundu langu.

Sasa asubuhi ya pili ya ujio wake, wafanyakazi wangu wote walikuja kuangalia, hata dobi aliacha mashuka. Vijana walikuwa wamekwisha kuvaa. Hemedi akavaa mtungi wake, akaja mpaka pale nilipokaa, akanigeuzia mgongo. "Nikague, Joaki."

"Wanafunzi wako wapo," nikasema.

"Nataka aliyeniokoa." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikanyanyuka kutoka kwenye kiti changu, magoti yakalia. Nikashika koki. Ikazunguka chini ya vidole.

Robo.

Hemedi amefundisha watu miaka ishirini na kitu, huyu hawezi kukosea koki. Niliangalia kisogo chake, mvi zake zilizonyolewa vizuri, hakugeuka. Ningeweza kuizungusha kimya kimya, hakuna ambaye angejua, vidole vyenyewe vilikwisha kuanza. Nikaviacha.

"Ipo robo," nikasema.

"Vijana hawajasikia."

"Koki ipo robo! Haijafunguliwa!" Wale wanafunzi wakatazamana, mwalimu wao hajawahi kukosea. Hemedi akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka bado, "Kitabu kilisemaje? Mwenzako akiishiwa hewa unampa nini kwanza? Nilikusomea, Joaki, ukanijibu vizuri kila jioni. Siku ile hukunipa kipumulio. Mkono ulikwenda moja kwa moja nyuma, gizani, kwenye koki. Hukuitafuta."

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye koki.

"Siku ile ilikuwa ngapi?" akauliza.

"Robo," nikasema, na safari hii wote walisikia. "Niliishika, nikajua, nikasema sawa."

Mama Neema alikuwa karibu, sinia mkononi. Hakupiga vigelegele. "Kwa hiyo, bosi," akasema polepole, "hukumwokoa?"

"Nilimfungulia," nikamjibu. "Baada ya kumwacha."

Hemedi akanyoosha shingo kama mtu aliyeshushiwa mzigo begani. "Basi fungua," akasema. Nikaifungua, nikaizungusha mpaka ikagota, nikamwambia vuta, sindano ikatulia. Nikasema sawa. Akaweka kipumulio mdomoni, akapiga hatua moja ndefu, akaingia kwenye maji yangu niliyoyajengea kwa jasho langu, akashuka mpaka chini akapiga magoti, ametandaza mikono, vilevile kama siku ya tembo. Wafanyakazi wakarudi kazini mmoja mmoja bila kunitazama. Mimi nilibaki ukingoni, nashika reli niliyoichomelea mwenyewe, nayatazama mapovu yake yanapanda taratibu, moja kubwa, moja dogo, ya mtu aliyebeba jambo zito miaka yote ile na bado anapumua hivyo. Hata mapovu niliyaonea wivu.